Sabini na Tano kwa Mia Wanaupenda

Benchi letu liko nje ya duka la kufulia nguo kwa mashine, hapa mjini kwetu Wisconsin, likitazamana na ukumbi wa bolingi wa Arlene. Zamani, zamu ya kiwanda cha karatasi ikitoka Jumanne, ungesubiri saa nzima kupata nafasi ya kuviringisha mpira uangushe pini, huku unatafuna jibini la kukaanga na kutukanwa na rafiki zako. Leo Arlene amewauliza watu arobaini maoni yao, maana saa kumi anakuja mnunuzi anayetaka kuugeuza ukumbi kuwa ghala. Katuachia karatasi tumpigie hesabu: auze au asiuze.

Hesabu ni ya Gerhard, tunayemwita Asilimia kwa sababu hata kikohozi chake hukitafutia wastani. Akahesabu alama: thelathini wameandika kwamba wanaupenda ukumbi. Akagawanya kwa arobaini, akazidisha kwa mia.

— Sabini na tano. Basi uwezekano wa mtu wa mji huu kuja kucheza Ijumaa jioni ni asilimia sabini na tano.

— Tuko elfu mbili, akasema Wendell, ambaye tunamwita Breki kwa sababu lori lake la maziwa halikuwa nazo. Hao ni elfu moja na mia tano. Watakaa wapi?

Mimi, mcheshi wa benchi, nikapendekeza darini. Breki akataka barabara kuu ifungwe. Chupa ya kahawa ilipofika nusu, tulikuwa tumepanua maegesho hadi makaburini, na Asilimia anadai waliolala kule nao wahesabiwe, kwa kuwa wengi ni wa timu yetu.

Ndipo akatoka Mai Xiong na kapu lake la nguo. Amehamia hapa kiangazi hiki. Akainama juu ya karatasi.

— Samahani wazee wangu. Huku nyuma wameulizwa nini?

Hatukuwa tumeigeuza karatasi. Nyuma paliandikwa: mwezi uliopita ulikuja? Katika wale thelathini wapenzi wa ukumbi, watatu tu walijibu ndiyo. Asilimia akagawanya tena, safari hii polepole.

— Kumi. Asilimia kumi.

— Kumbe kupenda ni hesabu moja, kuja ni nyingine, akasema Mai. Na nyie mlikuja lini?

Benchi zima, mia kwa mia, likatazama lami.

— Mimi ni tangu mke wangu Ruthie afariki, akasema Asilimia. Miaka tisa. Alizoea kunicheka kila nikikosa. Sasa nikikosa, nani atanicheka?

Hakuna aliyetia mzaha, hata mimi. Saa kumi ikatimia; ng'ambo ya barabara gari geni likaegeshwa. Kupitia kioo tukamwona Arlene akivua aproni.

Asilimia akasimama, karatasi kwapani.

— Breki, unakumbuka namba yako ya vile viatu vya bolingi vya kukodi?

— Ilikuwa kumi na moja. Siku hizi miguu imevimba.

— Arlene atakutafutia vikubwa, akasema, keshaanza kuvuka barabara. Na wewe mcheshi, njoo. Nikikosa, kazi unayo.