Kamera ya Cherop Inaganda Dakika ya Saba

Nje ya kibanda cha Cherop, fundi wa simu pale Karagita kando ya ziwa, kuna benchi ya mbao ambayo asubuhi haikosi watu. Ijumaa hiyo walikuwa wawili na birika ya kahawa: Ogola, anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani, na Waithaka wa bodaboda, anayeitwa Transfoma kwa vile stima ilimrusha mara mbili na bado akaamka. Cherop mwenyewe alikuwa ameinamia kamera aliyoiunganisha na kompyuta ndogo, saizi ya pakiti ya biskuti. Kesho yake dada yake Fancy alikuwa anaolewa, na mama yao alikuwa kitandani hospitalini Nakuru, nyonga imefanyiwa upasuaji. Cherop alikuwa ameapa mama ataona harusi laivu, mwanzo hadi mwisho. Lakini kila akijaribu, dakika ya saba, picha inaganda.

— Imeganda tena, akasema.

— Kitu ikiganda ni baridi, Profesa akasema. Ifunge blanketi.

— Hebu iguse hiyo kompyuta.

Profesa akagusa, akaruka.

— Woi! Si hii utachemshia mayai!

— Ndio shida. Kamera inaleta picha kubwa za full HD, na haka kamashine lazima kazifinye ndio zipite kwa neti. Kuna sehemu yake ya kufinya video peke yake, lakini programu yangu imekataa kuitumia. Kazi yote inaangukia prosesa, ule ubongo wake, inachemka.

— Wewe, hiyo ni mlima, Transfoma akasema. Longonot iko na sumaku huko chini. Inavuta picha.

— Na mbona haivuti pikipiki yako? Profesa akauliza.

— Inavuta! Unadhani mafuta yangu huisha aje nikienda upande ule?

— Hapana, ni viboko, Profesa akamkatiza. Kiboko akipumua kwa ziwa, hewa inavurugika. Wawili wakipumua pamoja, hata redio inanyamaza.

Cherop hakucheka. Alikuwa amebadilisha waya, akaweka feni. Feni ilimwongezea dakika mbili tu. Harusi ni masaa matatu. Alianza kufikiria vile atamwambia mama.

Hapo ndipo Edinah, jirani yake, akafika na simu ya kubadilishwa kioo. Akasikiliza kidogo, akauliza:

— Kwani mama ataangalia na simu gani?

Profesa akavua miwani. Simu ya mama ilipondeka siku alianguka akavunjika nyonga. Wiki nzima Cherop alihangaikia upande wa kutuma. Upande wa kupokea hakuwahi kuuliza.

Akapigia wodi. Nesi akasema mama hutumia simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili, kasimu kadogo, kioo kama kiganja. Kwa kioo hicho, picha kubwa ilikuwa kazi bure.

Cherop akapunguza ukubwa wa picha zaidi ya nusu, akawasha. Dakika ya saba ikapita. Ya ishirini. Profesa akakagusa kamashine, safari hii akaacha mkono hapo. Saa nzima ilipoisha, Cherop alituma linki wodini, akasimama mbele ya kamera.

Simu yake ikalia.

— Mama, unaniona?

— Nakuona. Cherop, kwani siku hizi huli?

Cherop akakaa chini kwa benchi, akalia na kucheka pamoja.