Tyubu Iliyokuwa Inanipoza

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nimekuja kujisahihisha. Pasaka nilisimama hapahapa nikashuhudia kwamba uso wangu umepona, mkanipigia vigelegele. Ndugu zangu, nilikuwa sijapona!

Mnajua siku hizi vitu vimejaa madukani. Nimemaliza fomu foo, nikautaka weupe, nikajipaka mkorogo. Uso ukaungua! Ukavimba, ukawasha kama pilipili. Muuza duka akanipa tyubu ndogo, akasema, "Sista, hii inapoza." Na kweli ikapoza! Kesho yake wekundu hakuna. Nikasema ni Bwana, nikaja kushuhudia.

Kumbe nikiruka siku mbili tu, moto unarudi zaidi ya mwanzo. Napaka tena. Miezi mitano! Nikaenda zahanati. Nesi akaigeuzageuza ile tyubu.

"Hii ndiyo inayokuunguza, mdogo wangu. Acha."

"Lakini ndiyo inayonipoza!"

"Ndiyo maana huiachi."

Akanipa dawa ya pinki, ile wanayopakwa wenye tetekuwanga. Tyubu nikamkabidhi anifichie Bi Mwanahawa, jirani yetu pale Mwananyamala, anayepika mafuta ya nazi. Halafu, mie sina subira, kila siku niko mlangoni kwake.

"Shikamoo bibi. Nipe kidogo tu, ya leo."

"Marahaba. Kwani uso mkate, upakwe kila asubuhi? Kaa hapa."

Ananipaka mafuta ya nazi matupu, kwa kidole, polepole, huku anasoma dua zake na mie naomba zangu. Jamani, niliitamani ile tyubu! Hata harufu yake niliitamani. Nilikuwaga nalaza shavu kwenye sakafu ya saruji nalia, "Yesu, nipoze wewe!"

Hakunipoza siku ile. Wala kesho yake. Lakini Jumanne moja nilifika kwa Bi Mwanahawa, nikakaa, akanipaka, nikaaga. Niko njiani ndipo nikashtuka: tyubu sijaiomba! Nikarudi mbio nikamkumbatia, akadhani nimepata kichaa.

Haleluya! Mabaka bado yapo, mnayaona. Namshukuru Mungu aliyeniondolea hamu kabla hajaniondolea mabaka. Na wewe dada uliyejifunika mtandio mpaka machoni, sikutaji jina. Mwamini Yeye, uiache tyubu yako leo. Wiki ya pili ndiyo inayowasha kuliko zote. Wiki hiyo njoo kwetu, tukae wote.