Mafuriko Ndani ya Flashi

Mbele ya duka la stesheneri la Hafsa, hapo Kibiti barabarani, pana benchi lisilojua kazi nyingine ila kubeba watu wasio na haraka. Asubuhi hiyo lilimbeba Mwinyimvua, waliyembatiza Mwandishi, uso umemshuka kama mtu aliyefiwa mara ya pili. Mama yake, Bi Mwanahalima, alikuwa amefariki. Yote aliyomsimulia juu ya mafuriko ya zamani, watu walipoishi bondeni mwa Mto Rufiji kwenye vibanda vya nguzo ndefu, madungu, maji yakipita chini ya sakafu, Mwinyimvua aliyachapa kwenye faili moja, ndani ya flashi moja. Ijumaa ni arobaini, na alishaahidi kuwasomea watu. Sasa faili likifunguliwa linatoa vijisanduku na alama za kuuliza. Hafsa alikuwa ndani akihangaika nalo.

— Virusi hao, wametoka Dar, alisema Haidari fundi simu, aitwaye Injinia tangu alipofufua spika ya msikiti. Haba na haba hujaza kibaba: wanaingia mmojammoja, ukija kushtuka wameshajenga.

— Virusi gani wa kula maneno ya marehemu? Kijicho hicho! alidakia Mfaume, ambaye benchi lilimpa u-Mufti bila kumuuliza shekhe yeyote. Liandikwe kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, zioshwe kwa maji, flashi ichovywe humo.

— Ichovye, uone itakavyokufa mazima!

— Mbona wewe ulikunywa kombe ukapona? Yale si maandishi? Yalioshwa, hayaonekani, na bado yakafanya kazi tumboni mwako!

Injinia akajipapasa tumbo, maana kweli alikunywa na kweli alipona.

Twalha muuza kahawa akagonganisha vikombe.

— Wote mmepotea. Mwandishi kachukua Rufiji nzima na mafuriko yake, kaitia kwenye kitu saizi ya kidole. Mto utakaa humo? Umevunja kingo, umesomba herufi. Na maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo tulieni, yatapungua yenyewe.

Walicheka. Mwinyimvua hakucheka, kwa sababu alijua aliyeharibu ni nani. Siku aliyomaliza kuchapa pale kwa Hafsa, aliichomoa flashi faili likiwa bado linahifadhiwa, kwa hofu kwamba kompyuta ya dukani ingebaki na nakala. Hafsa alimshauri aweke nakala nyingine kwenye simu, nyingine kwa ndugu. Alikataa katakata: nakala ikitoka, alisema, imeshaibiwa. Hata hapo benchini hakuwahi kumsomea mtu mstari mmoja.

— Mficha uchi hazai, Injinia alimchokoza.

— Ndiyo maana nguo zimepanda bei, Mufti akaafiki.

Hafsa akatoka na laptopu mikononi, kaibeba kwa adabu kama sinia la pilau.

— Mjomba, limefunguka. Bovu lenyewe sikuligusa, nilitoa nakala yake kwanza. Nikaiambia programu iache mapambo yote, iokoe herufi tu. Ila mengine hayakurudi.

Wote waliinama. Pale kwenye kioo, katikati ya vijisanduku, Bi Mwanahalima alikuwa akisema:

“Kamba niliyofungwa kiunoni nisianguke dunguni ikakatika. Nikaenda majini. Mwanamke wa dungu la jirani akajirusha.”

— Subhanallah, Mufti alinong’ona.

Twalha alibaki na birika mkononi. Injinia, aliyekwisha kufungua matumbo ya simu za mji mzima, aliigusa pembe ya laptopu kwa ncha ya kidole kana kwamba ina joto la mtu. Mwinyimvua alisisimka mwili mzima. Ndiye mama, na pumzi zake zilezile. Aliogopa, akafurahi, machozi yakamtoka mbele za watu wala hakuyafuta.

Hafsa akateremsha ukurasa.

“Akanisukuma juu ya dungu, yeye akachukuliwa na maji. Siku mtakayonisomea mimi dua, msomeeni na yeye. Jina lake ni...”

Kisha vijisanduku vitupu.

— Hapa nijaze nani, mjomba?

Mwinyimvua alilitafuta jina kichwani, halimo. Mama alilitaja mara moja tu, naye akalichapa, akatulia, kwa kuwa limeshaandikwa. Alimtazama Injinia, akamtazama Twalha. Wangelijulia wapi, naye hakuwasomea?

— Aliitwa nani? Hafsa aliuliza tena, taratibu.

Mufti alikuwa ameshainua mikono kuanza Fatiha. Akabaki nayo hewani, akingoja jina.