Komode ya Cibalonza

Kule Kasha, mtaa wa mji ulio kando ya ziwa, barabara ya udongo inapopinda, kuna ubao uliolazwa juu ya matofali, na juu ya ubao huo hukaa serikali. Si ile ya kwenye redio. Hii hufanya kazi kila siku, tangu Maman Salwa anapowasha jiko lake la makala mpaka birika lake la kahawa ya tangawizi linapokauka. Mkuu wa serikali hiyo ni Papa Télesphore, jina la kijiweni Ministre, ambaye hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote, ila ana koti la suti na sauti inayotosha wizara mbili. Mshauri wake ni Gaston, anayeitwa Docta kwa kuwa ameanza chuo kikuu mara nyingi kuliko mtu yeyote mtaani, na suala la kumaliza bado analitafakari. Jumamosi hiyo baraza lilikuwa na ajenda moja: komode ya Fikiri.

Komode ni kabati fupi la nguo, na hii ilikuwa na droo tatu, miguu mitatu na tofali moja. Fikiri aliinunua kuukuu soko la Kadutu, kwa mtu aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba ni mbao ya libuyu, ile ngumu isiyoliwa na mchwa. Huwezi kumwita mtu mwongo wakati mbao yenyewe huioni, imelala chini ya rangi juu ya rangi. Akaiweka kando ya ubao wa kijiwe, kwa sababu nyumba yake ingeweza kumeza komode au fundi, si vyote viwili. Na fundi alikuwa yeye mwenyewe, Fikiri, aliyekuwa mtu wa ofisi, mwangalizi wa magari ya shirika moja la misaada, mpaka shirika hilo lilipokwenda kusaidia nchi nyingine.

Komode hiyo ilikuwa na sababu, na sababu iliitwa Cibalonza. Tangu harusi yao nguo za mke huyo zilikaa ndani ya valizi, sanduku la safari, chini ya kitanda. Kila Krismasi Fikiri alimwahidi kabati, na kila Pasaka alimkumbusha kwamba ameahidi. Siku moja Cibalonza alisimama katikati ya chumba akamwuliza: “Fikiri, miye niko muke hapa, ao niko musafiri?” Fikiri akajibu kwamba wataongea kesho. Kesho yake Cibalonza alikuwa Nyangezi, kwa wazazi wake. Hakupata taabu ya kufunga mizigo. Ilikuwa imefungwa tangu siku ya harusi.

Kutoka Nyangezi likaja neno: Cibalonza atarudi akiwa na mahali pa kuweka nguo zake, na atatumwa mtu aje aangalie kwanza. Tangu neno hilo Fikiri hakulala vizuri. Alilala pembeni mwa kitanda, kana kwamba mwenzake bado yuko upande wa ukuta.

Sasa alikuwa anasugua rangi ya zamani kwa msasa, jasho likimtiririka, na serikali ikimtazama.

— Ona, Docta, alisema Ministre. Ile bleu ya juu, ni ya sasa. Chini yake kijani: ile ni Zaïre, mwenyewe. Na chini kabisa, marron, kama kahawa. Ile ni Wabeleji.

— Kila mwenye alikuja, alipaka yake, alisema Docta.

— Njo maendeleo yenyewe, alikubali Ministre.

— Na droo? aliuliza Fikiri, akivuta droo ya chini iliyogoma kutoka. Hakuna mwenye alitengeneza droo?

— Droo ni kazi ya upinzani, alisema Ministre, akanyoosha kikombe aongezewe.

Maman Salwa alimwongezea. Watu wake ni wafanyabiashara wa Uvira, na babu zao walitoka pwani, kwa hiyo methali zikivunjwa mbele yake huumia kama mtu anayeona sahani za mama yake zikianguka.

— Miye nilisema tangu asubuhi, aliendelea Ministre, akiielekeza ncha ya kiatu chake kwenye tofali. Asiyesikia la mukuu, huvunjika muguu. Munaona hii muguu?

— Komode ilikataa kumusikia nani, Papa Télesphore? aliuliza Maman Salwa.

— Mukuu yeyote, maman. Wakuu ni bengi.

Fikiri aliweka mguu mmoja kwenye ubavu wa komode, akavuta. Droo haikusogea hata unywele.

— Hewa ya ziwa hiyo, alisema Docta. Mbao inakunywaka maji usiku, inavimba. Ni sayansi.

— Sayansi gani? alisema Ministre. Hiyo komode imefanywa na Mubeleji. Inasikia Kifaransa. Weye unaivuta tu kama mbuzi! Umeiambia s'il vous plaît?

Fikiri alikuwa amechoka kiasi kwamba maneno hayo, tafadhali ya Kifaransa, yalimfika mdomoni kabla hajajizuia. Akayameza.

— Apana, alisema Docta, ambaye hakupenda sayansi yake ipitwe. Minawaambia ukweli. Hizi komode zilifanywaka mapacha. Moja ilikuja huku, ingine ilibakia Bruxelles. Ile ya kule wakifungua droo, ya huku inajifunga. Njo maana inchi hii hakuna kitu kinafunguka. Kule wanafungua tangu asubuhi!

Maman Salwa alisema anamwomba Mungu ampe mtu wa Bruxelles usingizi. Hapo Fikiri akaipindua komode kichwa chini, akaipiga kofi mgongoni, na droo ikaanguka yenyewe. Haikuwa na uchawi wala pacha: reli zake zilikuwa zimelika, na msumari mmoja umejitokeza. Aliupiga ukaingia, akasawazisha reli kwa kisu, akazipaka sabuni kavu. Droo ikawa inaingia na kutoka kama ulimi. Akabandika chini yake kipande kipya cha triplex, ule ubao mwembamba, kwa gundi, na mguu wa nne akaukata kwenye kitanda kilichovunjika cha jirani. Yote hayo aliyafanya peke yake, lakini nadhani hamtashangaa nikisema kwamba Ministre alisema, “Tumesonga mbele.”

Ikabaki rangi. Ministre alituma nyumbani kwake kuletwe kopo la nyeupe lililobaki alipopaka geti. Ofisi zote kubwa za Ibanda, kule katikati ya mji, alisema, ni nyeupe. Docta alikuwa na manjano kidogo, akadai manjano inazidisha akili. Maman Salwa alikuwa na nyekundu ya kibanda chake, naye hakudai kitu, alisema tu chukueni. Hakuna kopo lililotosha komode nzima. Wakapiga kura, na kila mmoja akapata kura moja, kwa kuwa Fikiri hakuulizwa.

— Haba na haba hujaza kibaba, alitangaza Ministre, na kabla mtu hajamshika mkono, akamimina zote ndani ya ndoo moja, pamoja na tone la kijani alilolikuta chini ya kopo.

Walikoroga. Waliinama kutazama. Ilikuwa rangi ambayo hakuna aliyeipigia kura: rangi ya mchuzi wa maharagwe uliolala.

— Beige, alisema Docta.

— Beige? Hii ni diplomasia, alisema Ministre.

Fikiri aliitazama, akatazama mbao yake iliyosuguliwa vizuri, akachovya brashi. Ajabu ni kwamba alikuwa na furaha. Brashi ilikwenda na kurudi, na mbele ya macho yake kitu kilichokuwa takataka asubuhi kilianza kufanana na samani ya nyumba ya watu.

— Sasa tugawanye, alisema Ministre. Droo ya juu ni ya kichwa ya nyumba. Ile haina mjadala.

— Nitaweka chemise zangu, mashati ya kazi, alisema Fikiri. Kazi ikirudi.

— Ya katikati?

— Radio, alisema Docta. Shaja. Na vitabu byangu bibili bile nilikuachia.

— Ni kweli, alisema Fikiri. Bintu bya namna ile binalalaka ovyo.

— Na ya chini ni ya wageni, alifunga Ministre. Mashuka, taulo. Wageni wakija wakute kila kitu tayari. Mugeni njoo, mwenyeji apone!

Kwa mara ya kwanza siku hiyo methali ilikaribia mahali pake, na Maman Salwa akamwangalia kwa mashaka.

Fikiri alizunguka nyuma ya komode, akachuchumaa kupaka ule upande utakaotazama ukuta, maana alitaka hata ukuta umheshimu. Kutoka huko alisikia mtu akiwasili na kuomba kahawa, sauti ya mama mtu mzima. Alisikia Maman Salwa akimimina, na Ministre akikohoa kikohozi chake cha mikutano.

— Karibu, maman. Umeona kazi yetu?

— Nimeona. Ni ya nani?

— Ya muke ya huyu kijana mwenye iko nyuma. Alikimbia nyumba juu ya mambo ya valizi! Bon, sisi tukasema hapana, ndoa haiwezi kufa hivi. Tukafanya komode. Droo ya juu, chemise za bwana. Katikati, radio. Chini, wageni.

— Ni muzuri, ilisema ile sauti. Na nguo za muke?

Pikipiki ilipita. Ministre aliangalia ndani ya kikombe chake. Docta alifungua mdomo, akasema hilo ni swali la mbinu, akaufunga. Walimtazama Maman Salwa awaokoe kwa kahawa. Yeye akaligeuza birika kichwa chini, na tone moja likaanguka vumbini.

Nyuma ya komode, brashi ilikuwa imesimama. Fikiri aliipitisha akilini droo ya juu, ya katikati, ya chini, kisha akarudia kutoka chini, kana kwamba angekuta ya nne. Akainuka. Mbele yake, kikombe mkononi na mwavuli kwapani, alikuwa Maman Adèle, shangazi wa Cibalonza.

— Shangazi, alisema.

— Fikiri.

— Niliinunua juu yake, ikuwe yake. Kweli ya Mungu. Kisha nikamusahau.

— Na jina walikupa la nini? alisema Maman Salwa polepole.

Maman Adèle hakucheka. Aliweka kikombe juu ya ubao.

— Cibalonza aliniambia: “Shangazi, usiangalie mbao. Kabati atapata, yeye iko na mikono. Uliza tu nguo zangu zitaingia wapi.” Nimeuliza. Sasa nirudi nimuambie nini?

Fikiri alifikiri majibu mawili matatu, na kila moja lilikuwa na sauti ya Ministre.

— Usimuambie kitu, shangazi. Twende wote. Nitamuambia miye.

Akanawa mikono kwa petroli na sabuni, akavaa viatu, akaondoka na shangazi, na komode yenye rangi mbichi akaiacha mikononi mwa serikali. Hawajafika hata kwenye kituo cha magari, mawingu yakashuka. Inasemekana Ministre aliunda tume ya kuchunguza kama ile ni mvua kweli. Lakini Maman Salwa aliwapigia kelele moja, wakaibeba komode wawili hao mpaka ndani, mmoja akirudi nyuma na mwingine akimlaumu. Ndio mradi pekee ambao serikali ile imewahi kuukamilisha. Koti la Ministre lilipata mkono mmoja wa diplomasia, na hadi leo halijatoka.

Nyangezi, Fikiri alimkuta Cibalonza uani anachambua maharagwe. Hakuinuka.

— Uko na rangi kwenye sikio, alisema.

— Najua. Cibalonza, droo ziko tatu. Tulizigawa zote, na hakuna mwenye alikutaja. Hata miye.

— Hata weye.

— Hata miye.

Cibalonza alitupa jiwe dogo alilolikuta ndani ya maharagwe.

— Sasa umekuja kunipa moja?

— Apana. Nimekuja kukuambia ziko zako. Weye njo utagawa.

Cibalonza alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua aliyowahi kudanganywa nayo. Akasema arudi nyumbani, rangi ikauke kwanza. Fikiri akarudi peke yake, gari limejaa, mvua inapiga madirisha, bila kujua kama amepewa ndiyo au ameonyeshwa barabara.

Cibalonza alikuja wiki iliyofuata, bila kutangaza. Aliingia, akasimama mbele ya komode, akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

— Nani alichagua hii rangi?

— Serikali.

— Inaonekana, alisema Cibalonza, akavuta droo ya juu.

Alipanga nguo zake taratibu, kitenge kwa kitenge, na Fikiri akatoka nje, kwa kuwa aliona si haki kumtazama. Siku zilizofuata hakuna aliyezungumzia droo. Fikiri alitundika shati lake nyuma ya mlango, akaridhika.

Asubuhi moja alilitafuta shati hilo nyuma ya mlango asilione. Alitafuta juu ya kiti, chini ya kitanda. Cibalonza alikuwa uani anafua, hakugeuka.

— Angalia katikati, alisema.

Lilikuwa katikati, limekunjwa, upande wa kushoto. Upande wa kulia blauzi zake.

Alilivaa akaenda kijiweni. Baraza lilikuwa limeanza kazi: Ministre alikuwa anaeleza kwa nini wanawake wote hurudi wakionyeshwa uongozi. Docta alimsogelea Fikiri, akanusa bega lake.

— Chemise yako inanuka rangi.

— Inanuka, alisema Fikiri, akamwomba Maman Salwa kahawa.