Bi Rufaa wa Dirisha la Kwanza

Waliokutana Jumatano, tarehe 18 Oktoba 2023, alasiri, sebuleni kwa marehemu ili kuandika historia hii, ni hawa: mume wake, mpiga chapa mstaafu; mwanawe wa kiume, fundi umeme; binti yake, mwalimu; jirani wa ukuta mmoja, muuza vitambaa; muuguzi aliyefanya naye kazi miaka ishirini na miwili; na kaka yake mkubwa, karani mstaafu, ambaye ndiye anayewasomea leo hapa mazishini. Muuguzi alileta tarehe, jirani alileta vichekesho, na kila walipobishana waliamuliwa na karatasi zilizomo kabatini.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa karani wa posta na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya posta, mahali ambapo leo panaegeshwa magari. Alianza shule Januari 1958, akajifunza kuandika kwa kalamu ya kuchovya wino, na mwalimu wake wa mwandiko, mtu asiye na mazoea ya kusifu, aliandika katika ripoti ya mwaka 1964 kwamba mtoto huyu anaandika kama mtu anayemwonea huruma msomaji.

Jumatatu, tarehe 2 Februari 1970, aliajiriwa katika hospitali kuu kuwa karani wa usajili, akaketi dirisha la kwanza, juu ya mto alioushona mwenyewe, akakaa hapo miaka arobaini na mmoja. Wanaoikumbuka hospitali ile ya zamani wataikumbuka sakafu nyekundu iliyong'arishwa hadi ukaona meno yako, mabenchi yaliyochubuliwa na makalio ya vizazi vitatu, na sauti yake ikimwita kila mgonjwa kwa majina yote matatu, kwa kuwa alishikilia kwamba jina la kwanza ni la umma, la tatu ndilo lako.

Mwaka 1973 kijana kutoka kiwanda cha chapa alileta kadi mia tano za wagonjwa, marehemu akamrudishia zote, kwa sababu mstari wa jina ulikuwa mfupi. Kijana alizileta tena, zikarudi tena, na mara ya tatu alipokuja mikono mitupu, yule muuguzi alimwuliza, "Kadi ziko wapi, kaka?" naye akajibu, "Leo sikuleta kadi, shemeji, nimejileta mimi." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1974, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1976 na wa kike mwaka 1979.

Mwaka 1998 ulikuja mpango mpya wa bima ya afya, ambapo mgonjwa hakwenda tena kwa daktari anayemtaka, bali alianza kwa daktari aliyepangiwa, akapewa rufaa, akasubiri kibali, kisha akatibiwa katika hospitali iliyomo kwenye orodha, na watu wakaanza kupotea humohumo ndani kama waliofungwa macho. Seremala mmoja mzee aliambiwa asile chochote kabla ya kipimo, na kwa kuwa kibali hakikutoka, alikaa bila kula siku mbili, hadi marehemu alipomwona akitetemeka kwenye foleni, akapiga kelele, "Babu, nani kakwambia ufunge? Kibali ni wao kukubali kulipa! Mpaka watoe, kula, tena shiba!"

Siku ile alikata kadibodi ya boksi la chupa za maji ya mishipa, akaandika kwa mwandiko wake mkubwa: rufaa ni daktari kumwambia mwenzake, huyu amenizidi, msaidie; kibali ni bima kukubali kulipia, na kabla hakijatoka endelea kula; kulazwa maana yake utalala hapa, leta shuka na mswaki; ridhaa ni kwamba umeelezwa, umeelewa, umekubali, na anayetia saini ni mwenye mwili. Daktari mkuu aliamuru iondolewe kwa kuwa haikuwa na muhuri, foleni ikafika getini kwa siku mbili, na siku ya tatu akaileta mwenyewe, imegongwa muhuri. Tangu hapo wagonjwa wakamwita Bi Rufaa, jina alilojifanya halipendi.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011. Alianza kuumwa Agosti 2022, akafanyiwa upasuaji wa kuondoa saratani Novemba, na tarehe 5 Juni 2023 madaktari waliwaambia watoto wake, koridoni, kwamba saratani imerudi na imefika kwenye ini. Watoto walikubaliana wasimwambie, kwa mapenzi, wakasahau wanamficha nani. Mwanawe alitia saini fomu ya upasuaji wa pili, akamwambia mama yake ni vidonda vya tumbo tu, na marehemu, ambaye alizijua fomu za hospitali ile kwa rangi zake, akamwomba aitoe hiyo ya waridi mfukoni.

Aliisoma yote, polepole, kisha akauliza, "Saini hii ya nani?"

"Yangu, mama."

"Kwani unaumwa?"

Mwanawe alilia, akasema hawezi kukaa tu akimwangalia, naye akamwambia, "Basi kaa, baba, ila usinikatie shauri." Alimwita daktari wa upasuaji, akamtaka aseme bila kuzunguka kisu kitamwongezea nini, akajibiwa kwamba labda wiki kadhaa, nyingi zikiwa za kitandani humo wodini. Aliikata ile saini kwa mstari mmoja, akaandika majina yake yote matatu mahali pa anayekataa, akaomba tiba shufaa, yaani matunzo ya kutuliza maumivu, nyumbani kwake. Mwanawe hakuzungumza naye siku tisa. Siku ya kumi alikuja na nyaya na bisibisi, akamfungia kengele kando ya kitanda, akahamia chumba cha pili, na miezi minne iliyofuata mama yake alimwita hata pasipokuwa na haja, na alipokuja mbio, alisema, "Nilikuwa najaribu tu kama inalia."

Familia inamshukuru daktari aliyesema kweli alipoulizwa, wauguzi waliokuja na dawa kila Jumatatu na Alhamisi, jirani aliyepika bila kutumwa, na makarani wa dirisha la kwanza, waliopo hapa leo. Dada, umetueleza vya kutosha, pumzika.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, mwanawe akiwa amemshika mkono.