Historia ya Mama Pindo na Njia ya Mlango Wake

Ndugu waombolezaji, habari za utoto wa mama yetu, mliyezoea kumwita Mama Pindo, nilisimuliwa kwanza na mama mkubwa, dada yake, na ndiye pia aliyenipigia simu siku ukuta wa jirani ulipoanza kujengwa mbele ya mlango wa mama, kwa hiyo nikikosea tarehe naomba anisahihishe.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Aprili 1961, mtoto wa tatu kati ya watano, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na mwaka 1978 akaingia karakana ya ushonaji, ambako pindo alilolishona yeye halikufumuka, na jina likatokea hapo. Tarehe 10 Desemba 1983 aliolewa na baba yetu, fundi bomba, wakajaliwa watoto watatu, mimi nikiwa kitindamimba, na baba alipofariki mwaka 2009, mama alihamishia cherehani sebuleni, akatulea kwa sare za shule.

Mwezi Februari 2021 jirani wa mbele alikuja, akasema, "Mama, nipishe miezi miwili tu nijenge, nikimaliza njia yako iko palepale," naye mama, ambaye hakuweza kumkatalia mtu aliyeomba kwa adabu, akajibu, "Jenga, mwanangu, tutapishana." Ukuta ulikwisha, njia ikabaki futi moja na nusu, wateja wanene wakakata tamaa, na mama akawa anatania kwamba nyumba yake imekuwa chupa, kizibo anacho jirani.

Tarehe 7 Juni 2021 alifungua kesi kudai njia yake, jirani akaieleza mahakama kuwa mama aliridhia mwenyewe, kesi ikaahirishwa mara kumi na nne, cherehani haikuweza kutoka, na yeye hakuweza kuhama, kwani nani angenunua nyumba isiyo na pa kutokea?

Mwaka jana miguu ilianza kuvimba, moyo ukachoka, na kila siku ya kliniki majirani walimpitisha ubavu ubavu, kiti cha kumbebea kikitangulia. Alifariki hospitalini Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024, na kwa kuwa jeneza halikupita, mnaisikiliza historia hii mkiwa mmesimama barabarani, mtuwie radhi.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani waliombeba, na mafundi wenzake waliomalizia sare alizoziacha mezani.

Kesi ilipangwa kuitwa siku iliyofuata kifo chake, na karani wa mahakama alikwisha kutuonya kwamba mdai akifa, asipotokea wa kusimama mahali pake, kesi huzimika. Asubuhi hiyo nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda, jina la mama likaitwa, nikasimama, nikasema, "Amefariki jana, mimi ni mwanawe, naomba niendelee nayo." Hakimu akaandika, akanipa tarehe nyingine, nije na barua ya usimamizi wa mirathi, na mlangoni jirani akaniambia, "Mdogo wangu, utazeekea humu." Nikaenda dirishani kwa karani, nikaandikisha jina langu chini ya la mama.

Mama, sasa pumzika.