Fundi Asilimia na Safari ya Dakika Mia

Ndugu, majirani, na nyinyi mafundi mliofunga karakana ili mje kusimama nasi: mimi ni kitinda mimba wa marehemu, niliyeishi naye miaka yake miwili ya mwisho. Nimeombwa niwasomee maisha yake kwa kifupi. Yeye mwenyewe angetaka kiwe kifupi zaidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa mshonaji na mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1963, kisha sekondari, kisha chuo cha ufundi, darasa la umeme. Walikuwa wasichana wawili kati ya wavulana thelathini na mmoja. Mwenzake alihama baada ya muhula mmoja. Mama alibaki, maana alikuwa mbishi, na ubishi ule ulimfaa maisha yake yote.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika karakana ya kutengeneza vifaa vya hospitali, akafanya kazi humo hadi alipostaafu mwaka 2016. Betri ndizo zilizompa jina la Fundi Asilimia. Siku moja jirani alimlalamikia: “Mama fundi, simu yangu inaonyesha asilimia ishirini, mara inazima. Mbona inadanganya?” Akamjibu, “Haidanganyi, inakisia. Wewe ukiulizwa umri wa mama mkwe wako si utakisia?” Kisha akamweleza kwamba betri haina dirisha la kuchungulia. Ndani mna kidude kinachohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama bawabu anayehesabu watu mlangoni. Akikosea mmoja leo na wawili kesho, baada ya mwaka hajui tena ukumbi unachukua watu wangapi. Dawa ni kuujaza ukumbi, kisha kuwatoa wote hadi wa mwisho, ndipo bawabu ajue ukweli.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na baba yetu, seremala, mtu mpole aliyecheka kwa mabega. Walijaliwa watoto watatu. Baba alitutoka mwaka 2017, na tangu hapo mama alikuja hapa makaburini kila Jumapili, akang’oa magugu na kumpa habari za nyumbani. Nilipomtania kwamba baba hajibu, alisema hata alipokuwa hai alikuwa hajibu.

Mwaka 2021 mapafu yake yalianza kukakamaa. Akapewa mashine ya oksijeni, na kuanzia siku hiyo aliishi kwa urefu wa mpira wa kupumulia: mita saba kutoka kwenye soketi ya chumbani. Mpira ulifika jikoni, ukafika dirishani, haukufika mlango wa nje. Alisema amekuwa ng’ombe wa kufungwa kamba, tofauti ni kwamba ng’ombe hupewa majani. Nami nilifungwa pamoja naye. Sokoni nilikwenda mbio na kurudi mbio, maana umeme wetu hukatika bila kupiga hodi, na hapo anabaki na betri ya mashine tu.

Mwezi Februari mwaka huu aliniambia, “Mwanangu, nipeleke kwa baba yako.” Kuja hapa kwa gari ni dakika arobaini, kukaa ishirini, kurudi arobaini. Dakika mia. Hapa hakuna soketi, na mashine yetu ya zamani haikubali umeme wa gari. Tena nilikuwa nimeona kwa macho yangu umeme ulipokatika: dakika ishirini tu, kioo cha mashine kimeshuka kutoka asilimia mia hadi sabini na moja. Nikapiga hesabu, betri nzima haifiki dakika sabini.

“Bawabu huyo hajawahi kuuona ukumbi mtupu,” mama alisema. “Betri hii ina saa mbili. Tukae hapa hapa karibu na soketi, tuichomoe, tuiache iishe. Tutajua.”

“Na umeme ukikatika betri ikiwa sifuri?”

“Hii ndiyo kazi yangu, mwanangu.”

“Hapana, mama.”

Aliomba tena Machi, akaomba tena Aprili. Mara hiyo ya tatu nilimjibu kwa ukali. Akasema, “Haya, basi,” na hakuomba tena. Alianza kukaa dirishani tangu asubuhi.

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, chumbani kwake, mashine ikiwa kwenye soketi. Alikuwa na umri wa miaka 67. Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada yake mkubwa na mdogo wake wa kiume.

Kaka zangu walitaka nisiisome sehemu hii. Jana mchana niliichaji mashine hadi ikajaa, nikaichomoa ukutani, nikaiwasha, nikakaa kitandani kwake na saa mkononi. Dakika ya sitini na saba kioo kilisoma tatu, nikajiambia nilikuwa sahihi. Kikabaki kwenye tatu hiyo hiyo, na mashine ikaendelea kupumua. Ilizima baada ya saa mbili na dakika sita.

Angefika hapa, angekaa, angeng’oa magugu, angerudi nyumbani, na bado chaji ingebaki. Mama, nisamehe. Leo tumekuleta, dakika arobaini zile zile. Kaa na baba utakavyo, na upumzike kwa amani.